Nyimbo za Chuga zinafia kwenye memori kadi

Leo naomba tubishane.

Hapa hosteli kuna usemi umeshika kasi: mziki ni mziki, bora usikike. Mtu ana nyimbo 3,000 kwenye simu, anajisifia, kumbe zote zimebanwa mpaka kilobiti 64 kwa sekunde ili zienee. Ukimwambia hayo matoazi yanasikika kama mtu anakaanga vitumbua, anakwambia unajifanya una masikio ya studio. Haya.

CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 imebakiwa na kama moja ya kumi na moja tu, na sina ugomvi nayo! Waliobuni MP3 walitupa kwa akili, walianza na vile ambavyo sikio halivishiki. Wala siwezi kumwambia mtu anunue bando ashushe MB 40 kwa wimbo wa dakika nne, wakati bumu lenyewe tunalijua.

Ugomvi wangu ni kubana kilichokwisha kubanwa. Mnautoa YouTube, mnaugeuza MP3, kibanda cha nyimbo kinaubana tena, mshikaji naye anaupunguza. Kila mara kinatupwa kitu na hakirudi. Na nyie mnaougeuza uwe 320 eti umekuwa mzuri, mmemimina kikombe cha maji kwenye ndoo ya lita 20.

Chukueni Maasai Hip Hop ya X Plastaz, ya mwaka 2004. Utamu wote ni Merege na uimbaji wake wa Kimaasai katikati ya michano. Kopi niliyorushiwa mimi, Mmaasai amegeuka mvumo wa kifodi kinachopanda Sanawari.

Tena tunaosema "bora usikike" ndio walimu watarajiwa! Kazi ya fasihi simulizi watu wamepanda Nkoaranga, bibi kaimba nyimbo za Kimeru, wao wanarekodi kwa voisi noti ya WhatsApp, kitu kilichotengenezwa kwa maongezi. Kesho utawapigia kidato cha tatu wachambue nini, kelele?

Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti, kiwekeni kwenye WAV. Gawaneni kopi nyepesi mpaka mchoke, ila ile ya kwanza isifutwe. Na mwenye kaseti halisi za wana Chuga nyumbani kwao anitafute, kabla mdogo wake hajazirekodia mahubiri.