Ukili Mmoja, Kipimo Kimoja

Ndugu wanaushirika,

Tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, vikapu vya ukindu vinaulizwa tena sokoni. Wanunuzi wanataka vya kila namna: chenye kifuniko, cha duara, chenye mfuko ndani. Wengine wetu wananung'unika, eti tunaharibu kazi ya bibi zetu.

Sisi tunasema hapana. Ukili ni ule ule. Chane zake zinapishana mshazari, juu na chini, ndiyo maana ukili unakubali kupindwa ukafuata duara bila kukatika. Bibi zetu waliushona ukawa mkeka, jamvi na kikapu. Sisi tukiushona ukawa kofia au mkoba, tumekosa nini?

Kosa liko kwingine. Kikapu kimoja kinashonwa kwa ukili wa nyumba tatu. Mmoja kasuka upana wa vidole viwili, mwenzake vitatu, wa tatu kalegeza ili amalize upesi. Kikishonwa kinakwenda upande! Juzi vikapu vimerudishwa, na hasara tumegawana wote, hata aliyesuka vizuri. Hiyo ni haki, jamani?

Tunashauri hivi: kila msukaji apewe kijiti cha kipimo, na ukili upimwe kabla ya kupokelewa, uwe wa mwanachama wa kawaida au wa nyumbani kwa mwenyekiti. Uliolegea ufumuliwe.

Mitindo mipya, ndiyo. Kila mtu na kipimo chake, hapana!