Risasi kwanza, mafuta baadaye
Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri namna ya kusafisha bastola, ila umeanza na mafuta. Anza na risasi! Chomoa magazini, vuta slaidi nyuma, chungulia chemba, kisha ipapase kwa kidole: risasi moja inaweza kubaki mle hata magazini ikiwa mezani. Wengi wameumizana hapo.

Huku Ukata mwenye bastola ndogo ya kibali huibeba kiunoni kwenye vumbi la kiangazi. Akishuka Mbamba Bay, unyevu wa Ziwa Nyasa unaleta kutu. Nyuzi za nguo hujazana penye jino linalochomoa ganda. Piga brashi kavu, pitisha kitambaa ndani ya mtutu, malizia na tone la mafuta. Yakizidi yanashika vumbi. Na tafadhali, watoto watoke chumbani kabla hujaanza.