Kiswahili cha Kuuza na Kiswahili cha Kulinda

Biashara ya teknolojia nchini Kenya haijapata kukionea haya Kiswahili pale inapotafuta wateja. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, huduma zilizoifuata zimepewa majina yaliyochotwa katika lugha hii: M-Shwari mwaka 2012, Lipa na M-Pesa mwaka 2013, Fuliza mwaka 2019. Yamkini wako vijana waliokutana na kitenzi 'fuliza' katika simu kabla ya kukutana nacho katika kamusi. Mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kulifurahia jambo hilo. Hata hivyo, furaha hiyo hupungua mteja anapolipita jina na kuingia katika masharti. Hapo lugha hubadilika. Mkataba mrefu unaoeleza riba, adhabu na matumizi ya habari za mteja aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mteja huambiwa abonyeze kukubali.

Uzito wa suala hili huonekana vyema katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Kuanzia Dunga na soko la Kibuye mjini Kisumu hadi Usenge, Mbita na Homa Bay, simu ndiyo mkoba na ndiyo daftari la mauzo. Mchuuzi wa omena huongea Kidholuo nyumbani, lakini mnunuzi wake anapotoka Kisii, Busia au Mwanza, bei hupatanwa kwa Kiswahili na malipo hupitia simuni. Kwa hivyo, Kiswahili tayari ni lugha ya fedha katika fuo hizo. Swali ni iwapo pia ni lugha ya usalama wa fedha hizo.

Walaghai wamekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Anayepiga simu akijidai kuwa mhudumu wa kampuni huzungumza Kiswahili chenye adabu na utulivu. Humwarifu mchuuzi kwamba laini yake inakaribia kufungwa, au kwamba fedha zimeingia kwake kimakosa na mwenyewe anaomba zirudishwe. Mwisho humwomba nambari ya siri, au humwongoza abonyeze tarakimu moja baada ya nyingine. Wizi wa namna hii hauhitaji mdukuzi wa kuvunja mitambo ya kampuni. Humhitaji msemaji hodari tu. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mapambano haya mwizi ameisoma lugha ya mteja kuliko mlinzi.

Mfano wa pili ni programu za mikopo zilizoenea nchini katika muongo wa 2010. Nyingi ziliomba ruhusa ya kusoma majina na nambari zote zilizohifadhiwa katika simu ya mkopaji. Alipochelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia jamaa zake, mwajiri wake, hata wateja wake, ili aaibike. Aibu hiyo ilikithiri hadi Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwezi Machi 2022, zinazoharamisha tabia hiyo. Kisheria, mkopaji alikuwa ametoa idhini. Lakini je, mtu anaweza kuidhinisha asichokielewa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuitetea desturi ya kutangaza kwa Kiswahili na kufunga mkataba kwa Kiingereza.

Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Maonyo ya Kiswahili dhidi ya utapeli husikika redioni, na zipo programu zinazomruhusu mtumiaji kuchagua Kiswahili. Walakini, onyo la redioni huwa limesahaulika wakati kidole kiko juu ya kitufe. Nazo tafsiri za neno kwa neno huzua giza jipya. Mteja anapoulizwa iwapo anairuhusu programu 'ifikie anwani zake', atadhani anaulizwa habari za sanduku la posta. Angeelewa mara moja iwapo angeandikiwa hivi: 'Ukikubali, programu hii itasoma majina na nambari za watu wote uliowahifadhi simuni.' Sentensi hiyo haina istilahi mpya hata moja, na inalinda kuliko kurasa 20 za masharti.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapopaswa kujitathmini. Kurasa nyingi zimetumika kubishania 'tarakilishi' na 'kompyuta', 'rununu' na 'simu ya mkononi'. Mjadala huo una manufaa yake. Kazi ya istilahi ndiyo iliyowezesha Jambo OpenOffice kutolewa mwaka 2004 kwa juhudi zilizohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, istilahi ni matofali tu. Anayehitaji nyumba ni mtumiaji. Lugha ya maonyo, ya idhini na ya mikataba bado inawasubiri waandishi.

Wapo watakaosema kwamba programu huandikwa kwa Kiingereza, hivyo ni kazi bure. Hoja hiyo haina mashiko. Katika programu iliyopangwa vizuri, maneno yanayoonekana kwenye kioo cha simu huwekwa katika faili zao, mbali na maagizo yanayoiendesha. Lugha inaweza kubadilishwa bila kuyagusa maagizo hayo. Wengine watauliza kwa nini isiwe Kidholuo. Naam, kiwepo pia. Mfumo uliotengewa nafasi ya lugha ya pili huipokea ya tatu kwa urahisi.

Kisumu haina uhaba wa vipaji vya kuianza kazi hii. Mwaka 2017, wasichana 5 wa shule ya upili ya Kisumu Girls walibuni programu ya simu ya kupambana na ukeketaji, wakafika fainali za shindano la Technovation huko California. Jiji lina LakeHub, kituo kinachowalea vijana wabunifu. Maseno kuna chuo kikuu kinachofundisha Kiswahili na taaluma ya kompyuta, na Bondo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga. Kinachokosekana ni daraja baina ya madarasa hayo. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kulijenga kwa kuwaalika watunga programu, kuandika nao maelezo ya idhini na maonyo, kisha kuyapeleka Dunga na Kibuye yasomwe na wachuuzi wenyewe. Neno litakalomkwaza mchuuzi liondolewe, hata kama limo kamusini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ni wa lugha.