Dakika 50 za Nani?

Kuna sentensi moja imenichosha: "Kisumu ni dakika 50 tu." Huisemi mbele yangu tena bila kuniambia unahesabu kuanzia wapi.

Mimi naishi Mai Mahiu. Ukichora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Kisumu, unapata kilomita kama 280, na mstari wenyewe unapita kati ya mlima Longonot na mlima Suswa, yaani hapa kwetu. Kwa hiyo nikitaka ndege ya kwenda magharibi, sharti kwanza niende mashariki: nikwee ukuta wa Bonde la Ufa hadi Rironi, nivuke Nairobi nzima, halafu nilipe nauli ya kurudishwa juu ya mabati yetu.

Mwaka jana nyanya alizidiwa huko Kisumu. Binamu yangu akapiga simu asubuhi: "Wachana na matatu, bana. Nimekukatia tiketi ya saa tisa." Saa nne nilikuwa barabarani. Nusu saa baadaye lori likakwama kwenye kona, juu kidogo ya lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942. Malori mbele, malori nyuma. Wauza mahindi choma wakatupitia mara tatu. Dereva wetu akazima injini, akavua viatu, na hapo nikajua.

Nilifika kaunta saa tisa kasorobo. Walikuwa wamefunga kitambo. Nikarudi mjini kutafuta basi la usiku, nalo likashika njia ya chini. Saa nne usiku nikapita steji ya Mai Mahiu, palepale nilipopandia matatu saa kumi na mbili nzima kabla. Nyanya aliaga saa nane usiku. Nilikuwa Kericho.

Lori simlaumu mtu, lori huharibika. Ugomvi wangu ni na hiyo hesabu. Dakika 50 zinaanza ndege ikiondoka kwenye maegesho na kuisha ikiegeshwa tena. Kila kitu kabla ya hapo, mpando, foleni, kuvuliwa mshipi pale langoni, kinahesabiwa kama uzembe wako. Ningesimama ng'ambo ya barabara asubuhi ile, nikadandia gari la Nakuru, jioni ningekuwa nimemshika nyanya mkono.

Na usiniambie ni mambo ya familia yangu tu. Mheshimiwa hufika mazishini kwa helikopta, akatua uwanja wa shule, akatuambia mambo yanakwenda vizuri. Kutoka kule juu barabara zote ni uzi mweusi uliolala vizuri. Machi 2018 ardhi ilipasuka huku na kuikata barabara ya Narok. Aprili 2024 maji yakaja usiku, yakazoa nyumba na watu wengi, magari yakafunikwa na matope. Ndege za Kisumu hazikuhitaji kukunja kona.

Binamu bado anashikilia dakika zake. Mwezi wa Desemba tunaenda kumjengea nyanya kaburi, na nimemwambia aje alale kwangu kwanza. Tutoke pamoja saa nne asubuhi: yeye aifuate ndege yake, mimi nivuke barabara nidandie gari la Nakuru.

Hajajibu. Anasema anaangalia bei za tiketi.