Mbwa wetu naye ana mukia

Jumamosi jioni, huku Katanika, sisi vijana wachache hucheza mchezo wa herufi kwa Kiingereza. Herufi tumeziandika kwenye vipande vya katoni. Mtu anavuta sita kutoka mfukoni, na kila mmoja anatafuta maneno ya Kiingereza yanayoweza kuundwa nazo. Ubishi ukitokea mimi ndiye mwamuzi, kwa kuwa ninasoma isimu na nina orodha ya maneno kwenye simu.

Siku moja zikatoka A, I, K, M, T na U. Tukapata mat, kit na aim. Simu ikatoa moja ambalo hakuna aliyelijua: umiak, yaani mtumbwi wa ngozi wa Wainuiti, watu wa nchi za barafu. Tukalikubali bila neno. Kisha mdogo wangu akasema tujaribu herufi zilezile kwa Kiswahili. Hapo mchezo ukachangamka: mti, kitu, kumi, kiu, tumia, mauti. Yeye akapanga mukia. Nikafungua kamusi, nikakuta mkia, nikamwambia neno lake halipo. Akaniuliza: "Yaya, mbwa ya kwetu haina na mukia?"

Nilikosa jibu. Naandika kwa sababu naona kosa lilikuwa langu, na kwa sehemu ni la fani yetu.

Programu inayotafuta maneno haijui Kiingereza. Inachukua kila neno la orodha yake, inazipanga herufi zake kwa alfabeti, kisha inalinganisha. Makuti, tumika na kitamu, yakipangwa hivyo, yote yanakuwa AIKMTU. Kazi hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu. Ugumu uko kwenye orodha: nani aliingiza neno, na kwa kanuni gani? Orodha ya Collins, inayotumiwa na wachezaji wengi wa Scrabble ya Kiingereza duniani, ina maneno zaidi ya 270,000. Imekubali color pamoja na colour. Imekubali umiak. Kiingereza kimefungua mlango kwa mtumbwi wa watu wa barafu, na mimi nimeukatalia mkia wa mbwa wetu.

Hata hivyo, hatuwezi kunakili kanuni za Kiingereza. Kitenzi play kina maumbo manne tu: play, plays, played, playing. Chetu, ukichukua nafsi sita, nyakati nne na watendwa sita, kinatoa maumbo zaidi ya mia moja. Anakutumia ni neno moja kwa jicho, lakini kwa maana ni sentensi kamili. Kitamu je? Kamusi inaandika -tamu. Na katika kamusi ya Johnson ya 1939, vitenzi vilivyonyambuliwa huwekwa chini ya mzizi wake. Anayetafuta tumika lazima kwanza ajue tuma.

Pendekezo langu ni hili: tukubali nomino katika umoja na wingi, vivumishi pamoja na upatanisho wake, na vitenzi vilivyonyambuliwa lakini visivyo na nafsi wala wakati. Basi makuti, kitamu na tumika yanaingia. Anakutumia linabaki nje. Mwingine anaweza kuuchora mpaka mahali pengine. Muhimu ni kwamba tuuchore sisi wenyewe, tukijua kwa nini.

Hata vipande vya mchezo vinatudai kazi. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni Scrabble katika miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza. Boksi la Kiingereza likapata K moja tu, na la Kifaransa pia lina K moja, tena ya alama kumi. Bila kile kipande kitupu huwezi kuandika kuku, wala kisiki, wala Katanika. Kwetu K imejaa kila mahali, kwa ajili ya ku- na ki-. Q na X hatuna kazi nazo.

Turudi kwa mukia. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, ile ya ng'ambo ya ziwa, si jimbo letu. Kongo haikuwamo. Lakini mu- si ulimi mzito wa watu wa Kalemie. Ndilo umbo la kale la kiambishi hiki katika Kibantu, nalo liko hai katika Kiluba: muntu. Usanifu wenyewe umelihifadhi katika muhogo. Anayesema mutoto, mukate na mutumbwi anafuata kanuni, na kanuni hiyo tunafundishwa darasani.

Najua walimu watasema: mtihani unataka mkia, na mwanafunzi akiandika mukia atapoteza alama. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote afeli kwa ajili yangu. Lakini orodha inaweza kubeba yote mawili, kila moja na alama yake: hili la sanifu, hili la Kongo. Mwanafunzi akiona yamepangwa pamoja atajifunza mkia upesi zaidi kuliko akiambiwa kwamba neno la mama yake halipo. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa letu. Haikusema ni Kiswahili cha Unguja peke yake.

Kwa hiyo naomba kila msomaji wa jarida hili aandike maneno hamsini ya nyumbani kwake, na kila neno alitaje lilisikika wapi. Tukiwa ishirini tu, tunaanza na maneno elfu moja, hata kama mengine yatajirudia.

Mimi, Jumamosi ijayo, nitaanza kwa kumrudishia mdogo wangu alama zake.