PAKA SI MZIGO WA KUTUPWA MU GUNIA



Mwisho wa mwaka wa masomo unakaribia, na maneno yale ya kila mwezi wa saba yanarudi ku interna: nani atabeba watoto wa paka wa depo? Wanaokwenda mbali, upande wa Kasenga na Pweto, ndio wanaoomba sana. Sababu tunaijua. Huko nyumbani panya wanamaliza mahindi na mihogo mu gala. Panya hali tu. Anatoboa gunia, anachafua na kile asichokula, na mama anatupa chakula alichokilima kwa jasho. Paka ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

Kwa hiyo hatupingi paka kusafiri. Ni jambo la zamani sana. Katika mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba ku kisiwa cha Kipro, kile tunachosoma katika Matendo ya Mitume 13, waliona paka aliyezikwa karibu na mtu, yapata miaka 9.500 iliyopita. Paka hawakuwa wenyeji wa kile kisiwa. Maana yake, watu waliwavusha bahari kwa chombo. Kama wale waliweza kumfikisha paka mzima ng'ambo ya maji, sisi wa kamyo tunashindwa juu ya nini?

Tunashindwa juu ya gunia. Mwaka jana watoto watatu wa paka walitoka hapa. Mmoja tu alifika. Wa kwanza alifungwa mu gunia ya nailoni, akawekwa kati ya mizigo, na mbele ya kufika Kasomeno alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alitoroka usiku, wakati kamyo iliharibika na mwenyewe akafungua gunia amuangalie. Yule wa tatu alikuwa ndani ya kitunga. Mambo haya hayahitaji mwalimu wa biolojia kutueleza, lakini tueleze kidogo: paka hatoki jasho mwili wote sawa mtu, anatoka jasho kidogo tu chini ya nyayo. Joto likimzidi, anafungua kinywa na kuhema sawa mbwa. Ukiona vile, ujue iko hatari. Na ku Katanga mwezi wa saba, mchana jua na vumbi, usiku baridi kali. Gunia haimsaidii hata kwa moja.

Basi, anayetaka kubeba paka afanye hivi. Atafute kitunga chenye kifuniko, hewa ipite, na kifuniko kifungwe kwa kamba. Ndani aweke kitambaa kile paka alichozoea kulala juu yake, maana harufu anayoijua inamtuliza. Siku chache mbele ya safari amuzoeshe kulala ndani ya kile kitunga. Asimpe chakula saa nne au tano mbele ya kupanda, ili asitapike. Lakini maji kidogo ampe kila kamyo inaposimama. Kitunga kikae ku kivuli, juu ya mizigo, hapana chini yake. Kisifunguliwe njiani, hata akilia namna gani. Akifika, amfungie mu chumba kimoja majuma mawili ao matatu, amlishe humo. Paka akifunguliwa siku ya kwanza, anatafuta njia ya kurudi kwao, na anapotea.

Tena, mtoto wa paka asiondoke mbele ya kupata miezi 3. Ni wakati ule anapigwa sindano ya kwanza ya kukinga ugonjwa wa wazimu wa mbwa, ambao paka naye anaupata. Tarehe 6 mwezi wa 7, 1885, Pasteur alianza kumpiga kijana Joseph Meister, wa miaka 9, sindano juu ya ugonjwa huo, na kijana akapona. Lakini hata leo, alama za ugonjwa zikisha kuonekana ku mtu, ni kifo karibu kila mara. Kwa hiyo mtu akiumwa na paka ao mbwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, na aende ku hospitali siku ile ile.

Wengine watatucheka: «Watu wenyewe wanateswa ku kamyo, wanakaa juu ya mizigo siku mbili, nani atahurumia paka?» Tunajibu: ni kweli watu wanateswa. Lakini aliyefunga gunia si shofere, wala si barabara mbaya. Ni mwanafunzi. Barabara hatuwezi kuitengeneza mwaka huu. Kitunga tunaweza kukifuma kwa siku moja. Na Mezali 12:10 inasema wazi mwenye haki anavyomtendea mnyama wake. Kila mmoja afungue asome.

Wengine wanasema paka ku kamyo analeta mkosi, kwamba ni nyama wa wachawi. Washofere wengine wanaamini vile. Basi umwambie shofere kwa heshima mbele ya kulipa, hapana kumficha paka ndani ya mzigo. Akikataa, utafute kamyo ingine. Lakini sisi tunaojifunza Neno la Mungu tusirudilie maneno hayo. Kamyo inaanguka juu ya mipira iliyokwisha, mizigo kupita kiasi, na pombe. Paka hashiki usukani.

Sasa neno moja kwa wafinalisti wenzetu. Tunasikia wawili wanagombania yule paka mama wa depo, kila mmoja anasema ni yeye aliyemlisha. Ni kweli tulimlisha, na tutamkumbuka. Lakini yeye amezeeka hapa, anajua kila tundu ya panya, na chakula cha interna nzima kiko mikononi mwake. Sisi tunaenda juu masomo yetu yamekwisha. Kazi yake haijaisha. Yeye abaki.

Tunaomba wakubwa wa masomo waweke liste ku depo: jina la anayebeba, umri wa paka, na kitunga kionekane mbele ya ruhusa. Asiye na kitunga aende na mikono mitupu, angoje likizo ya Noeli.

Hayo ndiyo mawazo yetu. Anayepinga aandike, namba ijayo ina nafasi.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho