Ugonjwa wa Misuli: Mama Asirudishwe Kwao

Yapo maradhi ambayo katika vijiji vyetu vya Dodoma hupelekwa kwa mpiga ramli kabla ya kufika zahanati. Mojawapo ni ugonjwa wa misuli unaowapata watoto wa kiume. Madaktari huuita Duchenne, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860.

Mtoto huzaliwa mzima. Afikapo miaka mitatu au minne huanguka mara kwa mara. Akiketi chini hainuki kama wenzake. Hushika magoti, kisha mapaja, akajipandia mwenyewe mpaka asimame. Mashavu ya miguu hunenepa, na watu husema ana nguvu. Sivyo. Kwenye miaka 12 hivi wengi hawatembei tena. Hii si polio. Polio hulemaza kwa siku chache; ugonjwa huu huja polepole.

Mdogo wake wa kiume naye akianza kuanguka, maneno huanza. Mama ameleta mkosi! Arudishwe kwao, ng'ombe wa mahari warudi! Mimi nasema huo ni uonevu.

Fahali hakamuliwi, lakini mfugaji hutazama maziwa ya mama yake, maana binti zake watayarithi. Basi kiumbe huweza kubeba jambo lisiloonekana kwake. Mwili hujengwa kwa maagizo tunayorithi, yaitwayo jeni. Jeni ya ugonjwa huu mvulana huipata kwa mama tu. Msichana hupata mbili, moja kwa mama na moja kwa baba, na ile nzima humkinga. Kwa hiyo mama anaweza kuibeba bila kuugua wala kujua. Akiwa anaibeba, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Tena, katika wagonjwa watatu, karibu mmoja hakurithi kwa mtu. Hitilafu imeanza kwake mwenyewe. Huyo mama atadaiwaje ng'ombe?

Mpelekeni mtoto zahanati, mwombe rufaa ya hospitali kubwa, kama ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Damu hupimwa kwanza kuona kama misuli inaharibika. Kipimo cha jeni ndicho huthibitisha. Mwelezeni daktari habari za wajomba: je, yupo aliyelemaa angali mdogo? Wazee wetu huuliza maradhi ya ukoo wakati wa posa. Na hapa waulize, lakini kwa ajili ya matibabu.

Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana. Lakini zipo dawa na mazoezi ya viungo vya kumsaidia atembee muda mrefu zaidi. Shule asiachishwe. Dada zake na mama zake wadogo nao waelezwe kabla hawajazaa, maana huenda wanaibeba jeni hiyo.